Anosisye Lukasi Mwaikenda, Fundi wa Kompyuta, na Mafaili ya Zahanati

Ndugu waombolezaji, mimi ni Tusekile, mdogo wake Marehemu. Wapo wazee walioshauri tusiguse habari ya zahanati. Lakini kaka mwenyewe alituagiza: "Mkiniandika, msiruke pale nilipokosea."

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1964 kijijini Nkunga, mtoto wa pili wa Mzee Lukasi na Mama Tupokigwe. Alisoma shule ya msingi hapohapo Nkunga na kumaliza kidato cha nne Mbeya mwaka 1982.

Alikuwa fundi umeme katika kiwanda cha chai hadi mwaka 1995, kilipobinafsishwa naye akapunguzwa kazini. Hakukaa kulalamika. Alikwenda Dar es Salaam kujifunza kompyuta, na mwaka 2000 akafungua ofisi yake karibu na soko la Tukuyu.

Alifunga ndoa na wifi yetu Asifiwe mwaka 1990. Siku ya harusi spika ya kanisa ilizimika. Bwana harusi alivua koti, akampa bibi harusi alishike, akaingia chini ya meza. Mchungaji alisubiri mpaka spika ikaunguruma, watu wakapiga vigelegele.

Mwaka 2007 wifi alilazwa Mbeya kwa upasuaji, na kaka akawa anamuuguza. Ili aendelee kuhudumia zahanati ya Daktari Ambindwile hapa Tukuyu, aliiweka kompyuta kuu ya zahanati iweze kufunguliwa kutoka mbali kwa njia ya intaneti. Leseni ya programu yake iliruhusu watu wawili tu kuingia kwa wakati mmoja. Daktari alitaka na wahudumu wake waingie. Kaka akaweka programu ya wizi, iliyovunja kikomo hicho.

"Ni ya muda tu, Daktari," alimwambia. "Leseni halali nitaagiza tukitulia."

Neno la siri lilikuwa jina la zahanati. Nakala za akiba za mafaili zilikaa kwenye kompyuta ileile. Mwezi Agosti watu wasiojulikana waliingia kwa njia hiyo, wakafuta mafaili yote ya wagonjwa, na nakala zake.

Wiki hiyohiyo aliletwa Bibi Ikupa wa Ikuti. Faili lake lilionya asidungwe penisilini, lakini faili halikuwepo tena. Akadungwa. Alivimba koo, akazimia, wakamwokoa kwa shida.

Lawama zote zilikwenda kwa wavamizi hao, na kaka angeweza kunyamaza. Lakini alikwenda akapiga magoti kando ya kitanda cha Bibi Ikupa.

"Mama, mlango niliuacha wazi mimi."

"Mlango gani, mwanangu? Mimi nimedungwa sindano."

Akamweleza yote, taratibu.

"Ndaga, asante, umekuja kusema," Bibi alijibu. "Na wale ambao hawajadungwa bado?"

Swali hilo lilimwondoa kaka ofisini. Aliing'oa programu ile, akanunua leseni halali, akaifunga njia ya kuingilia kutoka nje. Kisha yeye na muuguzi mmoja walizunguka Ikuti, Kisiba na Nkunga, mvua na matope, wakiuliza nyumba kwa nyumba: unaumwa nini, unatumia dawa gani, ipi inakudhuru. Walizunguka zaidi ya mwaka, hadi mafaili yakarudi. Wapo hapa leo waliowakaribisha jikoni kwao.

Bibi Ikupa hakukubali tena kukanyaga zahanati. Mwaka 2008 alishikwa na homa ya mapafu, akafia nyumbani. Kaka alichimba kaburi pamoja na wana wa Bibi. Watoto wa Bibi walimwambia wamemsamehe, nasi tulimwambia homa haikuletwa na yeye. Alitusikiliza kwa heshima, wala hakutuamini. Wifi naye amelia sana, akisema ni kwa sababu ya kitanda chake cha hospitali kule Mbeya, kwani ndicho kilichofanya njia ile ifunguliwe. Wifi, si wewe. Kaka alisema hivyo mara nyingi.

Mwaka 2009 Marehemu alianza kuugua figo. Alitibiwa hapa Tukuyu, kisha Mbeya, ambako alifariki Ijumaa tarehe 14 Mei 2010, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe.

Ameacha mjane, Asifiwe. Watoto wawili, Gift na Gloria. Mama yetu Tupokigwe. Kaka yetu Edward, nami.

Bwana ampe kaka yetu pumziko ambalo yeye mwenyewe hakuwahi kujiruhusu. Amina.