Atuganile Ambindwile, Aliyegoma Kuisoma Karatasi ya Kampuni

Mchungaji, wazee wa kanisa, majirani na jamaa mliopanda mpaka Lupepo kutufuta machozi, familia inawaomba mtulie msikie mama huyu alikuwa nani, kwa kuwa yapo yaliyosemwa juu yake huko mjini ambayo si ya kweli.

Atuganile Ambindwile Mwaisumbe alizaliwa tarehe 12 Machi 1964 hapa Lupepo, mtoto wa tatu wa Mzee Ambindwile na Bibi Hellen, akasoma shule ya msingi hapa hapa kuanzia mwaka 1972 hadi 1978, kisha sekondari mjini Mbeya, aliyoimaliza Novemba 1982. Mwaka 1984 aliajiriwa Tukuyu kuwa karani wa hawala za fedha katika shirika la umma, kazi aliyoipenda mno, hasa kuwasomea wazazi salamu za watoto wao, mpaka Agosti 1995, wakati wa ubinafsishaji, alipopewa barua ya kupunguzwa kazini. Alilia siku moja, siku ya pili akafungua kibanda cha sabuni na mafuta ya taa.

Tarehe 19 Desemba 1987 alifunga ndoa na Mwalimu Hezron Mwakibete, wakajaliwa watoto watatu, Anyitike, Felista na Ezron, na wajukuu watano.

Mwaka 2009 alianza uwakala wa fedha za simu katika kibanda kile, na mwaka 2013 mawakala wa Rungwe wakamchagua kuwa mwenyekiti wao, ndipo kampuni ya programu za malipo ya Dar es Salaam, iitwayo Nuru Malipo, ilipoanza kumpigia simu. Serikali ilikuwa inaandaa kanuni mpya za fedha za simu, na kampuni ilikuwa inawashawishi wakubwa waweke kifungu cha kumtaka kila wakala awe na ofisi ya tofali na mashine iliyothibitishwa, mashine ambayo wakati ule ilikuwa nayo kampuni hiyo peke yake. Walimlipia nauli, wakamlaza hoteli nzuri Dodoma, na asubuhi ya tarehe 6 Mei 2014, mlangoni mwa ukumbi wa kikao cha wadau, wakamkabidhi karatasi yenye kichwa "Maoni ya Mawakala wa Rungwe", imeshachapwa, na jina lake chini.

Aliipitia mara mbili kwa macho, kama alivyosimulia mwenyewe, naye hakuwahi kusema mbele ya wakubwa. Zamu yake ya kuisoma kikaoni ilipofika aliiweka mezani, akasema, "Jina ni langu, maneno si yangu. Mawakala wa Rungwe hawakuulizwa."

Ofisa wa kampuni akasimama, akasema kwa upole, "Mama, kifungu hiki kinawalinda wananchi na matapeli."

"Mwanangu," akamjibu, "bibi wa kijijini Kisiba anatumiwa hela ya dawa na mwanawe. Ukimfungia wakala aliye jirani yake, umemlinda na nani?"

Kanuni zilipotoka, kifungu kile hakikuwemo. Lakini laini yake ya uwakala, iliyopitia mfumo wa kampuni hiyo, ilifungwa miezi minane bila maelezo, na mjini ikavumishwa kwamba alihongwa na washindani wao. Kampuni ikamletea barua ya kuomba radhi aitie saini ndipo afunguliwe, akairudisha vilevile. Mwalimu Hezron, naye halifichi hili, alimwambia, "Mama Anyitike, kuisoma tu ile karatasi kungekupunguzia nini?" Akasema, "Kungenipunguza mimi," akajitwika mkungu wa ndizi kwenda sokoni. Laini ilifunguliwa Februari 2015, baada ya mawakala wenzake wote kugoma kuwahudumia wateja wa kampuni hiyo.

Mwaka 2018 aliugua figo, akatibiwa hospitali ya Igogwe, na tarehe 3 Juni 2019, saa nne asubuhi, akaaga dunia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Igogwe, majirani wa Lupepo, mawakala wa Rungwe, na Mzee Kheri, muuza vitambaa wa Tukuyu, aliyempa meza ya biashara dukani kwake pale wengine walipomkwepa. Ndaga fijo, asanteni sana.

Kampuni haijalisafisha jina lake mpaka leo, na familia inatamka mbele ya jeneza hili kwamba itaendelea kulidai.

Pumzika kwa amani, mama, sisi hatujanyamaza.