Wako Alikuwa Nani: Historia ya Mama Mvua, Wakala wa Wanunuzi wa Nyumba

Jamaa, majirani, marafiki, na ninyi wachache mliokuja kwa shughuli nyingine, familia ilimpa shemeji yangu kazi ya kusoma historia hii, nami nimemwomba anipishe, kwa kuwa karatasi aliyoiandika ilikuwa na adabu nyingi kuliko ukweli, na mke wangu hakuwahi kupokea karatasi ya namna hiyo bila kuuliza kilichoachwa nje.

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kituo cha reli, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa fundi bomba na mshona nguo, na tangu akiwa na miaka sita alimfuata baba yake kazini akimbebea spana, ndiyo maana hadi mwisho hakuweza kuingia jikoni kwa watu bila kuchungulia chini ya sinki. Alisoma shule ya msingi mtaani kwao kuanzia 1968 hadi 1974, sekondari ya bweni ya wasichana kuanzia 1975 hadi 1978, na chuo cha uhazili mwaka 1979 na 1980, akamaliza wa kwanza kwa kasi ya kupiga chapa, sifa ambayo sisi wenye shahada tuliihesabu kuwa ya vidole tu.

Februari 1981 aliajiriwa katika ofisi ya wathamini wa majengo, ghorofa ya tatu, chumba chenye dirisha moja lisilofunguka, na kwa miaka kumi alichapa ripoti za nyufa, paa na misingi, kisha jioni akasoma gazetini matangazo ya nyumba zile zile, zikisifiwa kana kwamba zimejengwa na malaika. Tulifunga ndoa tarehe 14 Julai 1984, nikiwa mhadhiri msaidizi wa takwimu, tukajaliwa binti mwaka 1986 na mtoto wa kiume mwaka 1989, nao wapo hapa mstari wa mbele.

Sasa nafika mwaka ambao karatasi ya shemeji iliuruka. Mwaka 1991 tulitafuta nyumba jijini, na wathamini wa ofisini kwake wakamshauri tumtafute mtu wa kututazamia, anayelipwa na sisi na asiyechukua chochote kwa muuzaji, nami nikakataa, nikasema mtu anayefundisha takwimu chuo kikuu hahitaji kushikwa mkono ili anunue kuta nne. Nilimwamini dalali wa muuzaji, kijana wa viatu vya kung'aa aliyeitwa Bwana Bahati, ambaye alituonyesha nyumba mara moja tu, saa nne asubuhi, katikati ya kiangazi, rangi ikiwa bado inanuka, akaniambia, "Profesa, nyumba hii imekataa watu, inakusubiri wewe," nami sikuwa profesa, na nilifurahi. Katika chumba cha nyuma mke wangu aliweka kiganja ukutani, akakiacha hapo muda mrefu, akasema, "Baba watoto, ukuta huu una maji," nikamjibu mbele ya dalali kwamba yeye ni mpiga chapa, si mhandisi.

Tulitia saini tarehe 2 Agosti, mvua ya kwanza ikanyesha tarehe 6 Novemba, na kufikia tarehe 9 rangi ya chumba cha nyuma ilikuwa imevimba na kupasuka kama lengelenge, na kitanda cha mtoto tumekihamishia sebuleni. Tulikwenda ofisini kwa Bwana Bahati, akatupa viti, akasikiliza hadi mwisho, akatabasamu, akasema, "Mwalimu, mimi nilikuwa wa muuzaji. Wako alikuwa nani?" Mtaona kwamba cheo nilikuwa nimeshushwa tayari.

Mimi niliondoka pale na hasira, mke wangu aliondoka na swali, na Januari 1992 aliacha kazi ya chapa akawa wakala wa wanunuzi, kazi aliyoifanya kwa miaka thelathini na moja bila kupokea hata chai ya muuzaji. Hakukubali nyumba yoyote kabla ya kuiona mvua ikinyesha, na kama ni kiangazi mteja alisubiri, na ndiyo maana madalali walimwita Mama Mvua, jina walilolitoa kwa dharau naye akalichapa kwenye kadi zake. Alianzia chooni, akamalizia sebuleni, mahali ambapo wao huanzia na kuishia, akaweka kiganja kwenye kila ukuta, kisha akaenda kumuuliza jirani aliyehama alihama kwa nini. Dalali mmoja alimfokea mbele ya mteja, "Mama, nyumba inaondoka hii!" naye akamjibu, "Iache iondoke, kama ina miguu, hiyo ni kasoro nyingine."

Alianza kuumwa tumbo Novemba 2022, tarehe 11 Februari 2023 ikathibitika kuwa ni saratani ya kongosho, na alifariki Jumatano tarehe 7 Juni, saa tisa alasiri, wodi ya pili, kitanda cha dirishani, akiwa ameshikwa na binti yake mkono mmoja na mimi mwingine. Niliwauliza madaktari mara mbili kama ule ukuta ulihusika, wakanijibu mara mbili kwamba haukuhusika, nami nawaamini, kwa kuwa hawakuwa wakiniuzia kitu.

Binti yangu amenitaka nihamie kwake na nimekubali, hivyo nyumba itauzwa, hilo si siri. Lakini Ijumaa, mwili ukiwa bado hospitalini, Bwana Bahati, ambaye sasa ni mzee wa kitambi, mwenye viatu vya aina ile ile, alikuja msibani kwangu na kijana mmoja na mkewe, akawatambulisha kuwa jamaa wa marehemu, akawapitisha ukumbini eti kutazama picha zake, na mimi mwenyewe nikamwona akipima sebule kwa hatua, kichwa chini, kama mtu mwenye majonzi. Nilimkuta yule mke wa kijana chumba cha nyuma, akanisalimu kwa heshima, nikamuuliza wameambiwa nini, akasema, "Mzee, tumeambiwa nyumba haina kasoro. Mama Mvua mwenyewe kakaa miaka thelathini na mbili, angekubali kukaa pabovu?"

Wanangu mlioletwa na Bwana Bahati, nawaona mmekaa mstari wa tatu, sikilizeni. Alikaa kwa sababu mume wake alikuwa mjuaji, na baadaye alikaa kwa sababu mume wake aliona haya kuuza uongo alioununua. Huu ni ukurasa wa kwanza wa daftari lake la kwanza, ulioanzwa tarehe 10 Novemba 1991 na kuongezwa hadi mwaka jana, nausoma kama ulivyo: "Ukuta wa nyuma unanyonya maji kutoka chini, umepigwa plasta 1999 na 2012, haujapona. Bomba la jikoni limepita chini ya sakafu, limechoka. Mvua ikizidi saa mbili, mtaro wa jirani humwagikia kwetu. Jua la asubuhi ni zuri. Majirani ni watu. Atakayeinunua aambiwe yote, ndipo aamue." Bwana Bahati, naona umeinama, hicho kiatu hakina tatizo, inua kichwa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya pili, majirani waliotuletea maji na viti bila kuitwa, na wathamini wa ofisi yake ya zamani, waliokuja wote watatu waliobaki hai. Nawashukuru pia madalali wa jiji, kwa kuwa bila wao mke wangu asingekuwa na kazi.

Limebaki jambo moja. Alhamisi msimamizi wa makaburi alinionyesha nafasi karibu na lango, saa nne asubuhi, udongo umefagiliwa, akaniambia ni nafasi nzuri na kuna familia nyingine inaitaka, nami nikamwambia nitarudi mvua ikinyesha. Ilinyesha Jumapili. Nilikwenda na mwavuli, nikaikuta nafasi ile imekuwa dimbwi, nikapanda hadi mwinuko wa juu, nikapiga goti, nikaweka kiganja chini, nikakiacha hapo muda mrefu.

Mama watoto, pumzika kwa amani, pale juu ni pakavu, na safari hii wako nilikuwa mimi.