Petroli ya Suka na Ajenda ya Katibu

"Kikao Maalumu cha Kujadili Upungufu Usioratibiwa wa Petroli katika Tangi la Gari la Mjumbe." Hivyo ndivyo Katibu alivyoandika juu ya daftari lake, kisha akapiga mstari kwa rula. Alitumikia masjala miaka thelathini na miwili, na benchi letu la kahawa limemrithi pamoja na rula yake. Mjumbe mwenyewe, Suka, dereva wa teksi, alikuwa amelala chali chini ya gari lake, hatua nne kutoka benchini, akikinga matone kwa ndoo ya plastiki. Saa tisa alitakiwa awe hospitali kumchukua mama yake, aliyetolewa mtoto wa jicho. Mara ya mwisho alimsahau mama wa watu getini mpaka jua likazama, na msamaha bado haujatoka. Ilikuwa saa nane na robo.

SUKA: Jamani, tone limeshakuwa uzi. Nani ana kipande cha sabuni ya mche nizibie?

KATIBU: Hatujathibitisha ajenda. Haraka haraka haina baraka.

INJINIA (hutengeneza baiskeli, cheo kajipa mwenyewe): Sabuni ni ya kufulia, bwana. Hilo tangi halijatoboka, linatoka jasho. Joto limefungua vinyweleo vya chuma.

SUKA: Chuma kina vinyweleo?

INJINIA: Wewe shule ulipita dirishani?

MUUZA KAHAWA: Mimi nasema panya. Panya wa siku hizi wanatafuna nyaya, washindwe na bati?

INJINIA: Panya afike huko chini kufanya nini?

MUUZA KAHAWA: Mtaka cha uvunguni sharti ainame.

SUKA: Aliyeinama ni mimi, kaka, na inaniingia sikioni. Mama ananisubiri.

KATIBU: Mama yako yumo kwenye Mengineyo. Mengineyo huja mwisho.

Injinia alishasimama, kikombe mkononi.

INJINIA: Nimepata. Petroli haivuji, inaachwa. Dunia si inazunguka? Sasa gari limeelekea magharibi, lenyewe linakwenda na dunia, mafuta yanabaki nyuma. Tuligeuze tu, yatarudi yenyewe.

KATIBU: Wanaounga mkono?

Mikono ikapanda. Hata wa Suka ulichomoza chini ya gari, kwa kukata tamaa.

Hapo ndipo dada yake Suka alipotokea. Hakuketi. Aliitazama ndoo, kisha akautazama mchirizi ulioikwepa ndoo, ukawa unatambaa taratibu kuelekea kwetu.

DADA: Shikamooni. Hilo jiko la kahawa liliwashwa kwa idhini ya nani?

Katibu alifunua kurasa za nyuma, akatafuta. Muuza kahawa hakungoja kumbukumbu: alimimina birika zima juu ya makaa, na kahawa ikaisha kabla ya azimio.

Tulilisukuma gari mpaka kwenye uwanja mtupu, dada akafunika mchirizi kwa mchanga. Tangi lilikuwa limeliwa na kutu kwenye mshono. Suka alikwenda hospitali kwa teksi ya mwenzake, akinuka petroli, akafika saa tisa na dakika tano. Mama yake alimtazama kwa jicho lililokuwa wazi, akamwambia amechelewa.