Kisu cha Bi Nuriat na Migomba Iliyosinyaa Mchana

Ijumaa, tarehe 14 Novemba 2025, Bi Nuriat Haidari atasaini daftari la mahudhurio kwa mara ya mwisho, baada ya miaka thelathini na mitatu na miezi tisa ya utumishi katika Kituo chetu cha Migomba Rwabigaga. Nasema atasaini kwa sababu namjua. Wengine siku ya kuagwa huja na nguo mpya na kwenda moja kwa moja meza kuu. Yeye ataanzia kwenye banda la miche, amwagilie, ang'oe magugu mawili matatu, ndipo aje ukumbini na viatu vyenye udongo. Kamati ya sherehe imeazima zulia jekundu kutoka mjini. Nimeshawaonya.

Mimi ni Joviana, wa masjala. Nimepewa kazi hii ya kuandika maneno ya kumuaga kwa kuwa faili lake nalitunza tangu mwaka 2004, na limenona hadi nikalifungulia jalada la pili. Kamati imeniomba nimsifu. Nitamsifu, lakini pia nitasimulia kosa lake, maana bila lile kosa hamtamjua.

Aliajiriwa tarehe 3 Februari 1992 kama kibarua wa kumwagilia. Alikuwa binti wa Miembeni, Bukoba mjini, mtoto wa marehemu Mama Siti aliyeuza ndizi mbivu, na hakuwa na cheti chochote zaidi ya cha shule ya msingi. Alichokuwa nacho ni macho. Baada ya miaka miwili, watafiti walianza kumuuliza yeye ni mche upi unaumwa kabla ya kwenda kwenye darubini. Baada ya sita akapelekwa kusoma, akarudi fundi sanifu. Alipopandishwa cheo kuwa msimamizi wa banda la miche, aliendelea kubeba ndoo, na alipokatazwa akasema ndoo hiyo ndiyo ofisi yake.

Kazi kubwa ya banda lile, kwa wale mnaokuja kula pilau tu, ni kuchunguza jinsi homoni zinavyousaidia mgomba kustahimili shida. Homoni ni kemikali ambazo mmea hutengeneza wenyewe, kidogo mno, kupeleka habari kutoka sehemu moja ya mwili wake hadi nyingine. Iko ya kuivisha matunda, iko ya kuonya kuwa maji yamepungua, na iko ya kuamsha ulinzi kidudu kinapoingia. Dk. Damian Karugendo huieleza kwa saa mbili na picha. Bi Nuriat huwaambia wakulima kwamba mgomba hauna miguu ya kukimbia wala mdomo wa kuita jirani, kwa hiyo hujiambia wenyewe kwa ndani, na kazi yetu ni kujua unajiambia nini.

Hapo nakumbuka siku ya semina ya homoni ya kuivisha. Dk. Damian alikuwa mgeni kituoni, kijana mwenye shahada nzito na viatu vinavyong'aa. Akatangaza kwamba atatuonyesha jambo ambalo wengi hatujawahi kulifikiria, kuwa ndizi moja iliyoiva huziamsha mbichi zilizo karibu nayo ziive. Bi Nuriat akanyoosha mkono kutoka kiti cha nyuma, akasema kwa adabu zote za Kihaya kwamba waitu, Mama Siti alikuwa akitia ndizi moja mbivu ndani ya pipa la mbichi na kufunika kwa gunia tangu kabla Daktari hajazaliwa. Ukumbi ukaangua kicheko. Daktari naye akacheka, lakini akadai kwamba pipa si ushahidi. Aliposafiri kwenda Dar es Salaam wiki hiyo, Bi Nuriat alifungia chane moja ya mbichi na ndizi moja mbivu kwenye kabati la vitabu la Daktari. Loo! Daktari aliporudi, harufu ilimpokea mlangoni na inzi wakamsindikiza mpaka kwenye kiti. Tangu siku hiyo hakuna andiko lake la utafiti lililotoka bila kupita kwanza kwa Bi Nuriat, na jina la mama huyu limo kwenye matatu kati ya hayo.

Jambo jingine linalomtambulisha ni kanga zake. Hakuna hata moja isiyo na madoa meupe ya jiki. Kisu cha kukatia majani anakipitisha kwenye moto, halafu jiki, halafu moto tena, mgomba mmoja hadi mwingine. Wageni hudhani ni wendawazimu. Wafanyakazi wapya humtania kwamba hata kijiko cha chai atakichoma. Sasa niwaambie chanzo chake, naye ameniruhusu. Nilipomuuliza akasema mficha maradhi, kifo humuumbua, andika.

Ilikuwa masika ya mwaka 2013, Nshamba, wilayani Muleba. Mnyauko wa migomba ulikuwa umeshaingia vijijini, ule unaoanza kwa jani moja kuwa njano na kumalizia kwa mkungu kuozea juu ya shina. Hauna dawa. Mgomba hutuma habari ya hatari ndani ya mwili wake, homoni za ulinzi hupanda, lakini vijidudu vya mnyauko hukimbia kasi kuliko habari yenyewe. Na gari lao kubwa ni kisu. Ukikata mgomba mgonjwa, kisha ukakata mzima kwa kisu hichohicho, umeshaupanda ugonjwa kwa mkono wako. Bi Nuriat alikuwa akiwafundisha wakulima jambo hilo siku nzima.

Jioni, mvua ikinyesha, akapitia kwa Ma Alistidia, mjane wa Ta Ishengoma, kumjulia hali. Mnajua adabu ya kwetu. Ukiingia kwa mtu unapewa amwani, zile buni zilizochemshwa na kukaushwa, utafune, na ukiona jani kavu limening'inia kwenye kibanja cha mwenyeji aliye mpweke, yaani shamba la migomba linalozunguka nyumba yake, huondoki ukaliacha. Ma Alistidia akamwomba amwondolee majani mawili kwenye mgomba ulio pembeni ya kaburi la mumewe. Jiki ilikuwa imekwisha. Kuni za jikoni zilikuwa zimelowa kwa mvua, na ingekuwa aibu kumwambia mwenyeji awashe moto kwa ajili ya kisu cha mgeni. Bi Nuriat akakifuta kisu kwenye kanga, akakata.

Wiki chache baadaye mgomba ule ukageuka njano, kisha wa pili, kisha mingine mitatu. Kijiji kikaitisha mkutano. Mwenyekiti, Ta Mutalemwa, alikuwa mkali na alikuwa na haki ya kuwa mkali, maana kila kibanja kinapakana na kingine. Wazo lililokuwa mezani ni kung'oa kibanja chote cha Ma Alistidia, migomba mia na kumi, kabla hakijawaambukiza wengine. Ma Alistidia alikuwa amekaa mkekani. Kibanja kile kilipandwa na baba mkwe wake, mumewe amelala humo, na hakuwa na chakula kingine wala kipato kingine cha kumsomeshea bintiye Joanitha.

Watu walishaanza kutafuta wa kumlaumu. Wengine walitaja popo, wengine nyuki, wengine jirani mwenye husuda. Hakuna aliyemfikiria mtaalamu. Angekaa kimya, habari ingeishia pale. Bi Nuriat akasimama mbele ya watu zaidi ya sitini akasema kwamba ugonjwa ule aliuleta yeye, kwa kisu alichokuwa nacho mkononi, siku ile ya mvua, na akaeleza alivyokifuta kwenye kanga badala ya kukichoma. Nilikuwepo, kituo kilinituma kuandika muhtasari.  Jamani, mimi nisingeweza, na nasema hivyo bila aibu.

Ma Alistidia aliinuka, akaja hadi alipo, akakichukua kile kisu mkononi mwake. Akasema kwamba kisu hicho hakitatembea tena vibanjani mwa watu, kitakaa kwake mpaka yeye atakapoamua. Kisha akaondoka. Hakumtazama usoni.

Bi Nuriat akaomba jambo moja kwa mkutano. Ing'olewe iliyougua tu, mmoja mmoja, na yeye atakuja kukagua kibanja kile kila Jumamosi. Ta Mutalemwa akakubali kwa sharti: dalili ikirudi mara moja tu, kibanja chote kinang'olewa. Bi Nuriat akaanza kwenda. Kutoka nyumbani kwake Hamugembe hadi Nshamba kila Jumamosi, siku yake ya mapumziko, kwa nauli yake. Ma Alistidia alimfungulia lango, lakini hakumpa amwani. Kwetu hilo ni neno zito. Alikagua, akaaga, akarudi na njaa.

Agosti ikaja na jua. Hakukunyesha wiki saba. Jumamosi moja Bi Nuriat alifika mchana akakuta lango liko wazi na wanaume wenye majembe na mapanga. Majani ya migomba yote yalikuwa yamesinyaa, yamekunjika kushuka chini pande zote mbili, kibanja kizima. Mnyauko umerudi, walisema, tena umekula yote. Ma Alistidia alikuwa ameketi kando ya kaburi, na kanga imemfunika kichwa. Alikuwa ameshakubali king'olewe.

Bi Nuriat akaazima kisu, akakichoma mpaka kikawa chekundu, akakata shina moja. Wakasubiri nusu saa kuona kama litatoa usaha wa njano, ambao ndio dalili ya mnyauko. Halikutoa. Akakata jingine, hivyohivyo. Watu hawakuamini, kwa sababu macho yao yalikuwa kwenye majani. Ndipo akawaeleza, kama alivyonisimulia baadaye. Mizizi imehisi ukame, imetuma homoni juu kwenye majani kusema funga. Vitundu vidogo vya jani vimefungwa, na jani lenyewe limejikunja lisipigwe na jua lote, kama mama ambaye, ndoo ya maji ikibaki moja nyumbani, hafui siku hiyo. Mgomba mgonjwa hauamki. Mgomba wenye kiu huamka jua likipungua. Akawaomba wampe hadi saa kumi na mbili asubuhi, na kama majani hayataamka, yeye mwenyewe atashika jembe la kwanza na barua ya kuacha kazi ataiandika papo hapo.

Barua hiyo, niwadokeze, aliiandika kweli. Ninayo kwenye jalada la kwanza, ukurasa wa themanini na mbili. Haina tarehe.

Asubuhi Ta Mutalemwa alifika na majembe yake. Migomba mia moja na tatu iliyobaki ilikuwa imesimama, majani yamekunjuka, mabichi, kana kwamba jana hakuna kilichotokea. Mwenyekiti aliizunguka yote, akikuna kichwa. Alipomaliza akasema wee mama, kumbe ilikuwa ikijisitiri tu! Akawaambia vijana wakayarudishe majembe.  Ma Alistidia aliingia ndani, akatoka na kikapu kidogo cha amwani, akakiweka mbele ya Bi Nuriat. Bi Nuriat anasema alitafuna huku akilia, na kwamba amwani ikichanganyika na machozi inakuwa chungu kweli.

Hapo ndipo lilipozaliwa somo ambalo sasa kila afisa anayetoka kituo hiki analipata kwake kabla ya kupewa pikipiki: kutofautisha mgomba unaougua na mgomba unaojihami. Sijui migomba mingapi haikukatwa bure Bukoba na Muleba kwa sababu ya somo lile. Dk. Damian anasema ndiyo kazi bora ya kituo katika kipindi chake, na huyu si mtu wa kusifu ovyo. Miche iliyonyunyiziwa homoni bandani kwetu bado haijatupa jibu la mnyauko, na Bi Nuriat ni wa kwanza kumkatisha yeyote anayewaahidi wakulima kwamba limepatikana. Anasema alishawahi kuwa mtaalamu mwenye haraka mara moja, inatosha.

Kisu hakikurudi. Miaka kumi na miwili alifika kwa Ma Alistidia, akala, akalala, akamsindikiza Joanitha siku ya harusi kanisani, akampelekea senene msimu ukifika, na hakuwahi kukiulizia. Alitumia visu vya kituo. Nilimwuliza sababu. Akajibu kwamba mwenye kibanja ndiye anayejua lini umesamehewa, si wewe.

Bi Nuriat, hadi hapa nimeandika kwa ajili ya wageni. Haya yanayofuata ni yako, na hukuyapitia kabla.

Jumanne iliyopita Joanitha alikuja masjala na kifurushi kilichofungwa kwa majani makavu ya mgomba. Ndani yake kipo kisu chako. Kimenolewa, kimetiwa mpini mpya wa mti wa mbuni, na ubavu wake ni mweusi kwa moto. Ma Alistidia miguu haimruhusu safari, lakini ametuma neno, na nimeliandika alivyolisema binti. Ule mgomba wa kando ya kaburi, ulioukata siku ya mvua, uling'olewa, ila chipukizi lake moja lilibaki na halikuugua. Lilizaa, likazaliwa jingine, hadi huu wa sasa, na huu una mkungu uliokomaa. Amewakataza watu wote kuugusa. Anasema utakatwa na Ma Nuriat, kwa kisu chake mwenyewe.

Tunakushukuru kwa miche, kwa ukweli, na kwa kuturudisha mashambani tukatazame tena asubuhi. Uishi vizuri Hamugembe, upate afya, ulale mchana bila kumwomba mtu ruhusa, na banda tutalimwagilia. Kisu kipo droo ya pili ya meza yangu, ufunguo ninao. Nimekichoma na kukipaka jiki, ingawa najua utarudia. Gari la kituo litakupeleka Nshamba Jumamosi saa mbili asubuhi, na Ma Alistidia ameshaloweka amwani.