Tovuti ya Elieza Mageti

Upande wa karakana, Kizota, kulikuwa na benchi la chuma ambalo Elieza alilichomelea mwenyewe kutokana na fremu ya lori lililogoma kufufuka. Lilitosha watu wanne kwa raha na sita kwa ugomvi. Pembeni yake Mwanasha, muuza kahawa, aliweka jiko la mkaa, birika la kahawa juu, kashata kwenye sinia, na vumbi la Dodoma likiongeza ladha bila kuombwa. Ilikuwa miaka ile mashirika ya umma yanauzwa moja baada ya jingine, simu za mkononi zimeanza kuning'inia viunoni mwa watu wasio na wa kumpigia, na kila aliyepunguzwa kazini ana wazo la biashara. Wazo lolote, kabla halijaenda benki kukataliwa, lilipita kwanza kwenye benchi hilo.

Jumamosi hiyo alasiri, Paulina alifika kijiweni na bahasha ya kazi yake ya mtihani kwapani. Walikuwepo wote watatu. Elieza mwenye karakana, aliyeitwa Mageti kwa sababu ya kazi yake. Mustapha, mtu wa Kondoa, muuza vipuri, aliyeitwa Dubai ingawa huko hajafika. Ni vipuri vyake tu ndivyo alivyoapa vimefika. Na mzee Nikodemo, tarishi mstaafu wa ofisi za Bunge, aliyebeba mafaili ya wakubwa hadi lugha yao ikamwingia mwilini. Huyo aliitwa Mheshimiwa, naye hakuwahi kukanusha.

— Shikamoo, Mheshimiwa.

— Marahaba, Mama Yotham. Kikao kimeshaanza. Kaa, utoe taarifa.

Paulina akakaa, akampa Elieza karatasi. Elieza akafuta mikono kwenye ovaroli iliyokuwa chafu kuliko mikono yenyewe, akazitazama kwa muda.

— Hili gurudumu la kwenye tovuti yangu mbona halizunguki? Juzi ulisema litazunguka.

— Linazunguka kwenye kompyuta, fundi. Hii ni karatasi.

— Sasa mtahini akishika karatasi atajuaje kama linazunguka?

— Tumwandikie chini, Mustapha akasema. Andika, "Gurudumu hili linazunguka."

Paulina akatoa kalamu, akaandika.

Ndivyo alivyozoea. Tangu alipotoka chuo cha uhazili alikuwa mpiga chapa wa shirika, na mpiga chapa mzuri haulizi. Bosi akisema barua inaanza na salamu kutoka kwa Mwenyezi Mungu, inaanza hivyo. Vidole vyake vilijua kazi hata macho yakiwa dirishani. Lakini mwaka huo wamiliki wapya wa shirika walikuja na suti zao, mashine za chapa zikabebwa kwenda stoo, na chumba cha wapiga chapa kikapimwa ukubwa wakiwa bado wamekaa ndani. Mwenzake Frida alichukua kiinua mgongo chake akaenda kufungua mgahawa. Paulina akaambiwa kuna nafasi moja kwenye kitengo cha habari, ya mtu wa kutengeneza tovuti, na anayeitaka alete cheti.

Akajiandikisha chuo cha kompyuta pale mjini, jioni baada ya kazi, akakaa darasani na vijana waliomwita Mama hata wanapomcheka. Akajifunza kuandika zile alama zinazouambia ukurasa hiki ni kichwa cha habari, hii ni picha. Akajifunza kupunguza uzito wa picha ili mtu asisinzie akiisubiri ifunguke. Akajifunza kwamba kiungo kikibonyezwa lazima kiende kule kinakosema, na ukurasa ufunguke vizuri kwenye kompyuta mpya na kwenye ile kuukuu ya ofisini. Hayo yote aliyaweza. Ilibaki sehemu ya mwisho ya mtihani: kumtengenezea tovuti mteja wa kweli. Yeye mteja wa kweli aliyemjua ni Elieza. Na Elieza hakuwa na jambo lisilopita kwenye benchi.

— Mtahini anakuja leo, Paulina akasema. Anapita kuwaona wateja, ahakikishe wapo.

— Kutoka wapi?

— Dar es Salaam.

Elieza akaangalia ovaroli yake. Mustapha akaangalia viatu vya Elieza.

— Basi tusipoteze wakati, Nikodemo akasema. Karatasi hii nimeipitia. Ina upungufu mkubwa. Haina hotuba ya Mwenyekiti.

— Mwenyekiti nani?

— Wewe, Elieza. Umewahi kuona taasisi isiyo na Mwenyekiti? Mzungu akifungua akakuta hakuna hotuba, anafunga.

— Mzungu gani anatafuta geti Kizota?

— Mageti, tulia, Mustapha akadakia. Hujui kitu hiki. Ukishaingia kwenye mtandao, wewe si wa Kizota tena. Mtu yuko Ujerumani, ana nyumba haina geti, anabonyeza. Kwako kengele inalia.

— Ipi? Mimi nina nyundo tu.

— Itafungwa. Ndiyo maana ya cheti cha huyu mama. Usidhani ni kuandika tu. Lazima ajue satelaiti inapita saa ngapi juu ya Dodoma, airushie ukurasa wake ikiwa inapita. Akichelewa dakika, ukurasa unaangukia Kenya.

— Ndivyo, mama? Elieza akauliza.

Paulina alifungua mdomo aeleze kwamba ukurasa hurushwa kwa waya wa simu pale chuoni, na kwamba tatizo ni mtu wa mapokezi kuinua simu na kuukata katikati. Nikodemo alikuwa ameshachukua nafasi.

— Taarifa. Suala si satelaiti, suala ni kibali. Mtandao una mwenyewe. Huwezi kwenda tu kujenga kwenye kiwanja cha mtu.

— Nani mwenyewe?

— Mmarekani mmoja. Nimewahi kuona faili lake.

— Ana ofisi Dubai, Mustapha akaongeza.

— Kwa hiyo huyu mama katika mtihani anaulizwa taratibu za kuomba kibali, na sheria za nchi zote ambazo ukurasa utapita. Ukipita Uarabuni, picha ya Elieza akiwa kifua wazi inakamatwa.

— Sikupiga kifua wazi.

— Ulipiga na singlendi. Ni yale yale.

Mwanasha, aliyekuwa akiosha vikombe, akasema taratibu kwamba singlendi ile aliiona hata yeye akasikitika.

Yakaongezwa mengine. Matawi, kwa sababu Nikodemo alisema kampuni isiyo na tawi ni kibanda. Wakakubaliana Chemba, Kondoa na Nairobi. La Nairobi lilipingwa, likapita kwa kura mbili kwa moja. Muziki, kwa sababu Mustapha alisema mteja akifungua kimya kimya atadhani mmefilisika. Bendera za mataifa zinazopepea. Jina likabadilishwa, Karakana ya Elieza ikawa Elieza Injiniaring Grupu. Paulina aliandika yote pembeni mwa karatasi, na kila alichoandika kilimkaa kifuani kama andazi lisiloiva. Alijua kuna kitu hakipo. Ila walikuwa wanaume watatu wanaotamka, naye ana kalamu.

Ndipo akatokea mtu amevaa suti ya kijivu, magoti yote mekundu kwa vumbi, jasho limemchora shingoni. Alikuja kutoka upande usiotegemewa, kule kwenye mashimo ya taka, ameshika karatasi zinazofanana na za Paulina.

— Habari za hapa.

— Nzuri, karibu, Nikodemo akasema. Karibu kahawa. Umepotea?

— Nimepotea kweli. Naitwa Octavian, nimetoka Dar kwa ajili ya mitihani ya chuo. Namtafuta mteja wa mtahiniwa mmoja. Elieza Mageti.

Paulina akasimama, karatasi zikamwanguka miguuni. Octavian akamtambua, akamwambia akae. Hakuwa mkali. Alikuwa amechoka tu. Mwanasha akampa kahawa, akanywa yote kabla hajasema neno.

— Mteja yupo, nimemwona, akasema. Hilo limekwisha. Sasa nina swali, na naomba yeyote anijibu. Rasimu za kurasa hizi nilipewa jana chuoni, nimezisoma zote. Nimeona gurudumu, nimeona picha ya fundi.

— Ya singlendi, Mwanasha akasema.

— Hiyo. Nikiwa mteja, sijawahi kukanyaga Dodoma, nataka kufika hapa. Nafikaje?

Elieza akacheka kwa afueni. Alitegemea swali gumu.

— Rahisi. Unapanda gari la Kizota, unashuka kwa Mama Priska.

— Hapo kwa Mama Priska kuna bango?

— Mama Priska alihamia Chemba, Mustapha akasema. Ila panaitwa hivyo.

— Sawa. Nimeshuka.

— Unafuata ukuta wa kiwanda.

— Nimetafuta ukuta leo, sikuuona.

— Walishaubomoa, Nikodemo akasema. Aliyenunua kiwanda alihitaji matofali.

— Basi unafuata pale ukuta ulipokuwa, Elieza akasema, na yeye mwenyewe akasikia lilivyotoka.

— Tuna sanduku la posta, Nikodemo akajaribu.

— Nitapita ndani ya sanduku, mzee wangu?

— Sasa bwana, kwani shida iko wapi, Mustapha akasema. Unauliza.

— Namuuliza nani?

— Sisi. Tuko hapa asubuhi, tuko hapa jioni. Dodoma nzima inatuuliza. Nani anachomelea, nani anapangisha chumba, nani kafiwa. Uliza kijiweni.

— Na kama hampo?



Nikodemo alisema "Taarifa," kisha akajimiminia kahawa bila kuitoa. Mustapha aligeuza kikombe mkononi, akatazama ndani yake. Elieza alitazama benchi lake kutoka mwisho hadi mwisho. Tangu alipolichomelea hakuwahi kuliona tupu mchana, na ilionekana usoni mwake kwamba alikuwa anajaribu kuliona sasa, na hakufurahia. Kwa mbali mtu alikuwa anagonga bati.

Paulina aliwaza chumba cha wapiga chapa. Watu waliokuwa wakitafuta ofisi yoyote pale shirikani walikuwa wanakuja kwao kwanza, Frida anawaelekeza bila kuinua kichwa. Hakuna aliyewahi kuweka kibao mlangoni. Kulikuwa na Frida.

Akaokota karatasi zake. Akachukua kalamu, akapiga mstari juu ya matawi, juu ya bendera, juu ya muziki. Mustapha akanyoosha mkono kama mtu anayezuia kuku asichinjwe, halafu akaurudisha.

— Fundi, Paulina akasema. Hapa unatengeneza nini?

— Si unajua.

— Mimi najua. Kwenye ukurasa hakuna.

Elieza akakuna kidevu. — Mageti, akasema. Madirisha. Vitanda vya bweni. Ekseli za mikokoteni.

Paulina akaviandika kwa mpangilio huo huo. Kisha akainuka, akaanza kutembea kuelekea barabara ya lami.

— Unaenda wapi, mama?

— Naenda kushuka garini.

Elieza alimfuata kwa kuwa karakana ni yake. Mustapha alifuata kwa kuwa hawezi kuacha jambo lisemwe asipokuwepo. Nikodemo alifuata kwa sababu kikao kilikuwa kimehama. Mwanasha alifuata vikombe vyake, maana wote waliondoka navyo. Octavian alikuja nyuma, akipangusa magoti.

Barabarani wakaanza upya kubishana, safari hii kitu gani hapa duniani hakihami. Mustapha alitaka duka lake litajwe; akakumbushwa kwamba amelihamisha tangu Pasaka. Nikodemo akasema reli. Paulina akasema reli iko mbali. Wakaishia kwenye mnara mpya wa simu, ambao wote walikuwa wakiulaumu kwa kuharibu mandhari, na ambao sasa waliutazama kwa heshima kidogo.

Cheti kilikuja kutoka Dar mvua zilipokwisha, na nafasi ya kitengo cha habari akaipata, kwa mshahara uleule na kiti kibovu zaidi. Lakini siku ile pale barabarani hakuwa na uhakika wa lolote, zaidi ya mnara.

— Ukishuka, mnara uwe kulia, alikuwa anaandika, akisoma kwa sauti, pale mzee mmoja alipotokea njia ya karakana, anasukuma baiskeli. Nyuma ya baiskeli alikuwa amefunga ekseli ya mkokoteni iliyokatika. Mashuka aliyojitanda na lafudhi yake vilisema anatoka vijijini huko, mbali. Alikuwa anarudi lami, anatembea kama mtu aliyekata tamaa kistaarabu.

— Shikamoo, baba. Unatafuta nini?

— Marahaba, mwanangu. Natafuta fundi wa ekseli. Nilielekezwa vizuri tu. Niliambiwa nenda mpaka utakapokuta watu wamekaa wanabishana, ndipo hapo. Nimefika, nimekuta benchi tupu na jiko linawaka. Nikajua nimepotea.

Octavian akageukia pembeni, mabega yakawa yanatikisika. Elieza alikuwa ameshafika kwenye baiskeli, anaikagua ekseli kwa kidole.

— Mama Yotham, Mustapha akasema, iandike hiyo. Hiyo ndiyo anwani yenyewe, huipati nzuri zaidi.

— Hiyo siiandiki, Paulina akasema.

Akamwomba mzee amshikie bahasha, akarudi hadi chini ya mnara, akaanza tena kutembea kutoka mwanzo, akitazama kila kitu kama mgeni.