Mla Gawio

Treni ya asubuhi ilikuwa ikiingia Chicago. Loretta, mjane, alijifanya anasoma huku kawategea sikio wanaume wawili wa kiti cha mbele.

“Nilimuuzia mtu haki ya kununua hisa hadi mwisho wa mwezi,” alilalama mwenye tai. “Kaitumia jana! Nimeamka nadaiwa hisa nisizo nazo.”

“Mwenye hisa jana ndiye mla gawio, bwana,” alisema jirani yake. “Ulidhani atangoja?”

“Lakini nami nina haki kama hiyo, ya hadi Juni!”

“Hiyo haikupi gawio. Shemeji nyumbani, mkeo, kasemaje?”

“Nimekwambia wewe tu, na hata jina lako silijui.”

Treni ikasimama kituo cha kwanza cha jiji; jirani akashuka, mwenye tai akabaki peke yake. Loretta akaondoa mkoba wake kwenye kiti cha pembeni, akangoja kidogo mwenye tai ageuke; hakugeuka, akaurudisha.