Mavyaa Aliyenikanda Kifua

Bwana asifiwe! Asifiwe tena, maana leo nasimama mbele yenu bila kujifunga leso tatu kifuani.

Wengi hapa Likoni mnanijua, mke wa Charo, msukuma mkokoteni wa Kongowea. Lakini hamjui kwamba miaka ya themanini, kabla sijaokoka, nilikuwa nikicheza ngoma kwenye hoteli za watalii. Mzungu mmoja akanipeleka kwao Ulaya, akaniambia kifua changu kidogo. Nami, kwa ujinga wangu, nikakubali kutiwa mifuko ya silikoni! Mapenzi yakaisha, nikarudi na mifuko yangu. Charo akanioa, sikumwambia kitu.

Ndugu zangu, nilipojifungua mtoto wa kwanza, ziwa la kushoto likawa gumu kama kifuu, likaenda upande. Mavyaa wangu, mama yake Charo, akasema, "Maziwa yameganda hayo, mwanangu. Njoo nikukande." Kila asubuhi alichovya kitambaa kwenye maji ya moto, akanikanda kwa mikono yote miwili. Nami najua si maziwa! Nikauma leso. Niliogopa kurudishwa kwetu kuliko kufa.

Siku moja ziwa likabonyea mkononi mwake. Homa ikanipanda. Yule mama akaanza kulia: "Nimemuumiza mtoto wa watu!" Ndugu zangu, machozi yale yalinishinda. Nikamwambia yote, Charo akiwa mlangoni anasikia.

Mavyaa akapangusa uso. "Kwani mimi ujanani sikufunga matambara chini ya hando langu, sketi ile ya marinda, nionekane nina nyonga? Ila mimi nilivua jioni. Haya, Charo, tafuta gari!"

Haleluya! Hospitalini wakatoa mifuko yote miwili. Mmoja ulikuwa umepasuka. Kifua kikabaki na mabonde, nikaona haya hata kuoga, nikawa najifunga leso tatu kukificha. Mtoto alipoacha kunyonya, daktari mmoja mgeni akanivuta mafuta ya tumboni kwa sindano, akayatia kifuani kidogo kidogo, mara mbili. Mavyaa akacheka: "Kumbe mbaazi zangu za nazi zimepata kazi!" Hayakukaa yote, na kovu lipo. Lakini ni mwili wangu mwenyewe, laini, wenye joto.

Namshukuru Mungu, namshukuru na mama huyu aliyekaa benchi la mbele. Na wewe unayeficha maumivu chini ya leso, mwamini Bwana, kisha mwambie mtu mmoja tu. Miaka ile yote, mtu akinikumbatia nilijikunja. Leo asubuhi mavyaa amenikumbatia pale mlangoni mwa kanisa, kwa nguvu zake zote, nami nikamwegemea.